Maji ya Mutale

Jumamosi hiyo, saa tisa na dakika kumi alasiri, Julienne alifika kwenye mlango wa mkahawa akakuta msumari mrefu uliotundikwa mifuko saba ya plastiki. Juu ya msumari palikuwa na maandishi ya chokaa: Plastiki ibaki nje. Yeye alikuwa na mfuko mmoja mweusi, na ndani yake mlikuwa na hati ya kiwanja cha baba yake, cheti cha kifo chake, na kitambulisho chake cha kazi cha miaka ile. Akazitoa karatasi, akazikumbatia kifuani, akautundika mfuko pamoja na ya wenzake. Mlango ule ulikuwa hatua ishirini kutoka chumba alimozaliwa, lakini hakuwa ameuingia hata siku moja kama mteja.

Mkahawa uliitwa Bila Damu. Mwenyewe, Kasoki, alikuwa mama wa miaka arobaini na mitano kutoka milima ya Lubero, kule mashariki, mtoto wa ukoo wa wachuuzi wa jumla na malori. Vita vilipouchukua mlima wa wazee wake alikimbia, akaizunguka nusu ya nchi, na katika mali yote aliyokuwa nayo akafika Lubumbashi na magunia kumi na moja ya kahawa. Alisema ameshaona damu ya kumtosha, na hatauza kitu chochote chenye damu, hata ya kuku. Kwa hiyo hapakuwa na nyama, wala mayai, wala maziwa ya ng'ombe, na baada ya kufikiri wiki nzima aliondoa na asali. Maziwa yalikamuliwa kwenye karanga. Kahawa ilichemshwa kwa magunzi ya mahindi badala ya makaa ya miti, ikanywewa kwenye vikombe vya udongo, na machicha yake yakaenda kwenye shimo la mbolea nyuma ya jengo.

Watu wa Hewa Bora, mtaa wao wenyewe, walimcheka. Kwao sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na samaki ni dalili kwamba mwezi umefika ukingoni, na hakuna aliyewahi kulipia dalili hiyo. Lakini walikuja wengine, wenye magari: mawakili, walimu wa chuo kikuu, watu wa redio, wakubwa wa machimbo ambao madaktari walikuwa wamewakataza nyama nyekundu. Hao waliukuta mkahawa mtulivu, wakala kikanda, ambacho hutwangwa kwa viazi vya porini na karanga na kukatwa vipande kama soseji, na ambacho hakijamdhuru kiumbe yeyote. Walipomaliza walishushia kahawa, wakasema hawajapata kunywa maji safi namna ile katika mji huu. Hapo walisema kweli, maana maji yalikuwa ya kisima cha Mutale, baba yake Julienne.

Mutale alikichimba mwenyewe. Alikuwa ameyeyusha shaba ya wenzake kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka siku kazi ilipokwisha na wafanyakazi wakawekewa mezani karatasi iliyosema kwamba wanaondoka kwa hiari yao. Wengine walikataa. Mutale alisaini. Alikuwa amejifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, na saini yake ilianza kwa M kubwa yenye ndoano mwishoni, aliyoipenda kiasi kwamba hakuwahi kuinyima karatasi yoyote. Mkewe alilia, naye akamwambia, "Ni papier tu," yaani karatasi tu. Kisha akanunua sururu mbili na kamba, akachimba nyuma ya nyumba mita kumi na nane, akapata maji. Mtaa mzima ukateka hapo bila kuulizwa kitu. Kasoki alipokuja na magunia yake, Mutale alimpa kona ya kiwanja kando ya barabara na kumruhusu apitishe bomba dogo lenye pampu ya jua. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mwenyeji huyu hata kupona hakupata.

Mwaka huo ulikuwa mbaya tangu Januari. Goma ilianguka mikononi mwa waasi, kisha Bukavu, ndege za mashariki zikakoma, na kila wiki kulikuwa na mtu aliyejua kwa hakika kwamba waasi watakula Krismasi Katanga. Katikati ya hofu hiyo bwawa la maji ya asidi la kampuni moja ya madini, ile ambayo watu waliiita ya lango la buluu, lilipasuka ukuta. Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Maji yalishuka na kijito yakiwa na rangi ya chai na povu jeupe, yakamkuta Mutale kwenye bustani yake ya mchicha wa lengalenga. Aliingia mpaka magotini kuwatoa bata wa jirani. Bata walikufa. Yeye alitoka kwa miguu yake, akafika nyumbani, akaomba chai, na usiku ule ngozi ikavuka kutoka magotini kwenda chini kama soksi. Aliishi siku kumi na tisa. Daktari aliyeletwa na kampuni aliandika kwamba marehemu alikuwa na kisukari.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na lilitokea kwa nia njema. Watu wa ukoo wa Mutale wana desturi ya zamani: mtu akifa, jina lake haliachwi lizurure. Siku ya maziko mkubwa wa familia huteka maji kikombe kimoja, hulitia jina la marehemu kwa maneno machache, na kumnywesha mpwa wake, mtoto wa dada. Mpwa akishakunywa, jina limepata pa kukaa, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu mbele ya watu, mbele ya wajane na mbele ya karatasi. Mkubwa wa familia alikuwa Bwalya, kaka yake Mutale, mzee mkavu wa Kipushi asiyependa kurudia neno. Alifika jana yake. Mpwa, Chileshe, alikuwa afike asubuhi ya maziko, lakini asubuhi hiyo askari walikuwa wameifunga barabara ya Kipushi kwa sababu ya uvumi, na Chileshe akarudishwa.

Bwalya alikuwa ameshateka na ameshasema maneno. Alisimama uani mbele ya watu waliokaa kwenye mikeka, kikombe mkononi, mpaka jua likamchoma utosini. Kuyaweka maji ndani ya nyumba hakuthubutu, maana mtoto angeweza kuyanywa. Kuyamwaga hakuwezekani, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na jina lingeingia ardhini lisitoke tena. Mwishowe akafanya lililoonekana kuwa la busara: akayarudisha kisimani yamngoje Chileshe. Hakuna aliyempinga. Katika hesabu yake alikuwa amelirudisha jina chunguni, na hakukumbuka lile bomba dogo.

Saa sita mchana, kabla jeneza halijatoka, alifika bwana mmoja wa kampuni ya lango la buluu, Rigobert, aliyeajiriwa kushughulikia mahusiano na wakaaji. Alileta salamu za rambirambi na mifuko mitatu ya unga. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye ugonjwa wa gauti, ule wa viungo usiotaka nyama, na kwa sababu hiyo alikuwa mteja wa Kasoki wa siku nyingi. Kasoki alimwona amesimama juani akampa kahawa. Akanywa, akashukuru, akaomba kikombe cha pili. Kesho yake watu wenye makoti ya njano walipita mtaani wakafunga visima vyote kwa kufuli, eti mpaka maji yapimwe, na wakazi wakaanza kupanga foleni kwenye lori la maji. Bomba la Kasoki hawakuliona, au waliliona wakakaribishwa kahawa.

Baada ya juma moja mambo yakawa wazi. Wateja wa Bila Damu walianza kugonga meza kwa vidole viwili kabla ya kukaa, kama Mutale alivyokuwa akigonga. Walikohoa kikohozi chake cha moshi wa tanuru, hata mabinti wa chuo kikuu ambao hawakuwahi kuona tanuru. Mwalimu mmoja wa hesabu alimsimamisha Julienne barabarani kumwuliza kama bawaba ya mlango wa jikoni imeshatengenezwa. Julienne alimjibu kwamba bado. Bwalya alipoelezwa hakushangaa, alikasirika tu kwa kosa lake. Alisema maji hayachagui koo, na aliyekunywa amekunywa. Chileshe alifika hatimaye siku ya nne, akanywa kikombe kimoja mkahawani, akakiona kichungu, akakiacha nusu. Alipata kikohozi tu. Kisha akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, na asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa kampuni ilikuwa na karatasi. Ilitaka kiwanja chote cha Mutale, kisima kikiwemo, kwa sababu kilikuwa ndicho kisima pekee kisichoharibika upande huo wa mji. Na ilitaka mrithi wa jina aandike kwamba marehemu alikufa kwa ugonjwa wake na kwamba familia haina malalamiko. Karatasi ingesomwa Jumatatu mbele ya mkuu wa mtaa. Julienne alimwendea Bwalya, aliyekuwa bado msibani, usiku na mchana, mpaka mzee akampa jibu alilokuwa nalo. Wote waliokunywa ni Mutale, alisema. Akitokea Mutale mmoja tu, hata mmoja, akasimama Jumatatu na kusema kilichomuua, karatasi haitasimama.

Julienne aliuliza kama yeye mwenyewe anaweza kunywa. Bwalya akasema mtoto hanywi maji ya baba yake. Si kwamba koo litakataa, koo halitakataa, lakini akishakunywa atakuwa baba, na huyo baba hatakuwa tena na binti. Hakumkataza. Alimwambia tu kwamba ikifika hapo, achague.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo aliingia Bila Damu na karatasi zake kifuani. Alikuwa anatafuta mtu mmoja. Wateja waliinua vichwa, na kutoka meza zote sita sauti zikamwambia, si kwa pamoja na si kwa kupokezana, "Mayo, ulikuya." Hilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Mayo ni mama kwa Kibemba. Julienne alizaliwa mwezi ule ule bibi yake alipofariki, na baba yake hakumwita vingine mpaka alipokufa. Mtu mmoja alimuuliza kama amekula. Mwingine akamsogezea kiti. Alijitahidi asilie, akashindwa, akajifuta kwa mkono wa gauni, na hakuna aliyemtolea macho.

Alianza na Godefroid, wakili mwenye miwani ya dhahabu, kwa kuwa anachosema wakili hubaki kimeandikwa. Godefroid alimsikiliza mpaka mwisho. Alijua kila kitu. Alimwambia hata jambo ambalo Julienne hakulijua: kwamba bata wa kwanza alishikwa kwa bawa, bawa likabaki mkononi. Kisha akaziweka karatasi zake sawa, akazirudisha.

"Mayo, mi nakumbuka ile maji yote," alisema. "Mais mu tribunal muntu hawezi kushuhudia na miguu ya muntu mungine. Batanicheka."

Julienne alimwambia kwamba huko si mahakamani, ni kwa mkuu wa mtaa tu. Godefroid akasema kampuni hiyo ni mteja wa ofisi yake. Alilisema kwa aibu, kwa sauti ya baba yake Julienne, sauti ile ile ambayo zamani ilikuwa ikieleza kwa nini mwaka huu tena hakutakuwa na viatu vipya.

Meza ya pili alikuwepo Glodie, mtangazaji wa redio, kijana bado. Huyo alimshika mikono yote miwili. Alisema kila usiku miguu inamwaka, amenunua mafuta ya kila aina, na mchumba wake amechoka kumsikia. Julienne alimwambia basi aseme, ana redio nzima ya kusemea. Glodie akaeleza kwamba tangu Goma ianguke redio yao inapewa orodha ya mambo yasiyosemwa, na maji ya kijito yamo kwenye orodha, mstari wa tatu. Akamwomba radhi. Akamuuliza tena kama amekula.

Ikawa hivyo mpaka meza ya sita. Hakuna aliyebisha wala kusema kwamba ni uongo. Wote walikuwa Mutale, na wote walimpenda, na kila mmoja alikuwa na jambo. Julienne alianza kuona kwamba afadhali wangemfukuza. Mtu anayekufukuza unamjua, unakwenda zako ukamchukie. Lakini utamfanya nini anayekushika mkono, anayejua jina la mwanasesere wako wa kwanza, na anayekwambia hapana?

Alikwenda jikoni kwa Kasoki. Kasoki alikuwa akikaanga buni za gunia la mwisho, mlango wazi ili moshi utoke. Naye alikuwa Mutale, kwa kuwa alionja kila birika kabla ya kulitoa, na Julienne alipoingia alimwita Mayo bila kugeuka. Alijua ameletwa na nini. Alisema alilifikiri tangu Jumatano.

"Mi niko muntu wa kuya," Kasoki alisema. "Kila siku banasimamisha sisi ba mashariki, banaomba carte, banauliza tuko ba nani. Nikisema neno ya kampuni, kesho njo mi niko muasi. Nitakimbilia wapi tena, Mayo? Mulima yangu bako nayo."

Julienne alisimama akaangalia buni zikibadilika rangi. Walichukuliwa mlima wao wanawake wote wawili, alifikiri, ila mmoja alichukuliwa kwa bunduki na mwingine anachukuliwa kwa kalamu, na wa bunduki angalau aliruhusiwa kusema ameibiwa. Kasoki alimmiminia kahawa kwenye kikombe cha udongo, akakiweka mbele yake bila kusema anywe wala asinywe.

Saa ya ukutani ikafika saa kumi. Mkahawani maongezi yalikatika, na wateja wote wakainua miguu kutoka sakafuni. Waliishikilia hewani, viatu vya ngozi, sandali, viatu virefu vya Glodie, wakikaza midomo kama mtu anayesubiri sindano. Wengine waliendelea kusoma. Ilichukua muda wa kama dakika nne, ambao ndio muda Mutale alioutumia kati ya bata wa kwanza na ukingo. Kisha wakaishusha, mmoja akaomba sukari, na maongezi yakarudi.

Julienne alikichukua kikombe chake, akaenda kukaa kwenye meza tupu karibu na mlango. Alikuwa ameamua. Kahawa ilikuwa inatoa mvuke, na ndani yake, chini ya harufu ya kuungua ya mlima wa watu wengine, palikuwa na harufu ya kisima, ya jiwe lililolowa na kamba. Aliwaza kwamba Jumatatu atasimama mbele ya mkuu wa mtaa akiwa Mutale mwana wa mama yake, na atasema, na karatasi haitasimama. Baada ya hapo hakuna atakayemwita Mayo, na akisikia jina hilo litakuwa la mtoto fulani aliyekuwa naye zamani. Aliona kwamba anaweza kulibeba hilo. Akakileta kikombe mdomoni.

"Mayo, acha kwanza," sauti ikasema. "Iko moto. Itakuchoma."

Rigobert alikuwa ameingia. Aligonga meza kwa vidole viwili, akakaa, akamtoa kikombe mkononi taratibu. Akamimina kahawa kidogo kwenye kisahani, akakiinamia, akapuliza mara tatu: ya kwanza ndefu, mbili fupi. Hivyo ndivyo Mutale alivyompozea Julienne uji alipokuwa na miaka minne na homa. Wengine wote walikuwa na kitu cha Mutale, kikohozi au neno. Rigobert, aliyekunywa wa kwanza, na aliyekunywa vikombe viwili kwa siku tangu siku ya maziko, alikuwa naye mzima. Hata shavu lake la kushoto lilikuwa limebonyea pale Mutale alipopoteza meno. Alimuuliza kuhusu bawaba ya jikoni. Alimwambia asiwe anapanga foleni ya lori bila kofia. Alimwambia kwamba siku ile kijitoni, maji yalipofika magotini, alimfikiria yeye.

Julienne alimsikiliza mpaka kahawa ikapoa kabisa. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama Jumatatu atakuja.

"Nitakuya," alisema Rigobert. "Minaweza kukuacha peke yako?"

Julienne akainuka, akaiacha kahawa haijanywewa. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne, na alitembea mpaka nyumbani, hatua ishirini, akasahau mfuko wake kwenye msumari.

Jumatatu ofisi ya mkuu wa mtaa ilijaa. Mkuu alikuwa na mafua. Bwalya alikaa kwenye benchi na fimbo yake, na Julienne akakaa kando yake na karatasi zake tatu. Wateja wa Bila Damu hawakuja, isipokuwa Godefroid, aliyekuja kwa niaba ya kampuni, akakaa mbali akitazama viatu vyake. Rigobert aliingia mwisho. Mkuu wa mtaa alisoma karatasi yote: kwamba marehemu alikuwa na kisukari, kwamba familia haina malalamiko, kwamba kiwanja, lupango lenye kisima, kinakabidhiwa kampuni ili chanzo hicho cha maji kilindwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Akauliza kama mrithi wa jina yupo. Bwalya akasema yupo, alikunywa wa kwanza, na akamwonyesha kwa fimbo. Hakuweza kusema vingine, maana ndiyo iliyokuwa kweli.

Mkuu akaiweka karatasi mezani, na kalamu juu yake.

Julienne alikuwa amemwangalia Rigobert usoni tangu alipoingia, akitafuta kama ni yule mtu wa kampuni amerudi. Hakurudi. Aliyekuwa amesimama pale alikuwa Mutale mtupu, mwenye mgongo uliopinda kwa tanuru, mwenye macho ya huruma. Alikuwa anaiangalia karatasi na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kujinyoosha. Hapo ndipo Julienne alipoelewa, na alielewa kwa kuchelewa. Alikuwa amekwenda kumtafuta baba yake ili akatae karatasi, wakati baba yake katika maisha yake yote hakuwahi kukataa karatasi hata moja.

"Tata," alisema, kama alivyozoea kumwita baba yake. "Hapana."

Rigobert akamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli.

"Mayo, usilie," alimwambia. "Ni papier tu."

Akainama akasaini. M ilikuwa kubwa, yenye ndoano mwishoni. Mkuu wa mtaa aliilinganisha na saini iliyokuwa kwenye kitambulisho cha zamani, kitambulisho ambacho Julienne mwenyewe alikuwa amekileta, akaona zinafanana, akapiga muhuri. Akauliza kama kuna Mutale mwingine ndani ya chumba mwenye la kusema. Godefroid alikohoa kikohozi cha tanuru, akatoa kitambaa, akajifuta mdomo. Mkuu alisubiri kidogo kisha akafunga faili.

Julienne hakumlaumu Godefroid sana wala Rigobert. Alijilaumu mwenyewe, na anajilaumu mpaka leo. Alikuwa na kikombe mdomoni. Angekinywa kikiwa cha moto, ulimi ungeungua, na kisima kingebaki. Alikiuza kwa jina la utotoni na kwa pumzi tatu za kupoza kahawa, na kinachomuuma zaidi ni kwamba akiletewa kikombe kile tena hana hakika atafanya vingine. Bwalya alirudi Kipushi siku hiyo hiyo. Alisema desturi imefuatwa, akaomba asiitwe tena kwa jambo hilo.

Kampuni ilijenga ukuta kuzunguka kiwanja na kubomoa nyumba. Mkahawa uliachwa, kwa sababu wakubwa waliupenda, na kando ya mlango kikawekwa kibao cha kijani kinachosema kwamba hapa maji na viumbe vyote vinatunzwa. Kahawa ya Lubero ilikwisha. Kasoki sasa anachemsha ya Zambia, na wateja wanasema si mbaya, kilichokuwa muhimu kilikuwa maji. Mtaani lori la maji linakuja Jumanne na Ijumaa. Kijito bado kina rangi ya chai, na upande wa chini wamekufa wazee wengine wawili. Wameandikiwa kisukari.

Julienne amepanga chumba mitaa miwili kutoka hapo. Kasoki alimtafuta akampa kazi, kuosha vikombe vya udongo kwa majivu na kupiga deki, na Julienne akakubali, kwa kuwa ndipo mahali pekee mjini anapoulizwa kama amekula. Mfuko wake mweusi aliukuta bado kwenye msumari. Deki anaipiga mara moja kwa siku, saa kumi alasiri, miguu ya wateja ikiwa juu, maana ndipo sakafu yote inapokuwa wazi na hahitaji kumwomba mtu asogee. Ana dakika nne. Huanzia mlangoni, akapita chini ya meza ya Godefroid, chini ya Glodie, chini ya viatu vikubwa vya Rigobert ambavyo siku hizi hutetemeka kidogo hewani. Wao hukaza midomo mpaka maumivu yapite, na wanapoishusha miguu kwenye saruji iliyolowa, huwa wanamkumbuka.

"Pole na kazi, Mayo," wanamwambia.

"Asante, Tata," huwajibu, akaikamua deki na kwenda kumwaga ndoo nyuma, kwenye shimo la mbolea.